Kwa nini Dakota bado inaruka, na imetuachia nini?

Msomaji ameuliza: "Nimeona picha ya DC-3, ndege ya propela mbili, ikipakia mizigo kwenye kiwanja cha udongo nchini Colombia. Maelezo yalisema iliundwa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Inawezekanaje? Ina maana ndege za zamani ziliundwa vizuri kuliko za sasa? Na wewe kama fundi wa ndege, ungeipanda?"

Ndugu msomaji, inawezekana kabisa. Villavicencio, mji ulio mashariki ya milima ya Andes, ndiko DC-3, au Dakota kama wengi wanavyoziita, zilikojichimbia. Kwa miongo mingi zimekuwa zikipeleka mafuta, chakula na watu kwenye vijiji vya nyanda za Llanos na msitu wa Amazon, kule ambako barabara haifiki. Swali lako la pili ndilo lenye mtego, kwa hiyo nianze nalo. Hapana, haikuundwa vizuri kuliko ndege za sasa. Iliundwa na watu ambao hawakuwa na njia ya kukokotoa metali inachoka vipi baada ya miaka na miaka ya kutikisika, basi wakaiongezea nguvu ili walale usingizi. Maisha marefu ya ndege hii yametokana kwa sehemu kubwa na kutojua huko. Urithi wake hasa uko kwingine, na karibu kila ndege ya abiria unayopanda leo unaubeba.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 31 Machi 1931 ndege ya Fokker F-10 ya shirika la TWA ilianguka Kansas na kuua watu wote wanane waliokuwamo. Mmoja wao alikuwa Knute Rockne, kocha wa mpira wa Kimarekani wa chuo cha Notre Dame, mtu aliyejulikana Marekani nzima. Bawa la ndege ile lilikuwa la mbao zilizogandishwa kwa gundi, na lilivunjika likiwa angani. Tangu siku hiyo abiria hawakutaka tena kusikia habari ya mabawa ya mbao, na serikali ikadai ukaguzi uliozigeuza ndege hizo kuwa mzigo kwa mwenye nazo. Boeing walikuwa tayari na jibu, Boeing 247, ndege ya metali tupu, lakini 60 za kwanza zilikuwa zimeahidiwa United, shirika la ukoo mmoja nao. TWA wakaachwa wakitazama.

Agosti 1932 Jack Frye wa TWA akaandika barua fupi kwa viwanda kadhaa akiomba ndege mpya ya injini tatu. Douglas, kiwanda kidogo cha Santa Monica, California, wakajibu kwamba injini mbili zinatosha. Charles Lindbergh, aliyekuwa mshauri wa ufundi wa TWA, akakubali kwa sharti moja zito: ndege iweze kuruka kutoka kiwanja chochote kinachotumiwa na TWA, ikiwa imejaa, hata injini moja ikizimika wakati wa kuondoka. Kumbuka kwamba baadhi ya viwanja hivyo vilikuwa juu milimani, ambako hewa ni nyepesi na injini hukosa pumzi. Ndege ya majaribio, DC-1, iliruka mara ya kwanza tarehe 1 Julai 1933. Miezi michache baadaye iliondoka Winslow, Arizona, injini moja ikazimwa makusudi wakati wa kuruka, ikapanda na kufika Albuquerque kwa injini iliyobaki.

Jaribio hilo ndilo ningeliweka juu kabisa kwenye orodha ya urithi. Leo hii kila ndege kubwa ya abiria yenye injini mbili, kabla ya kupewa cheti, lazima ithibitishe kwamba injini moja ikifa katika sekunde mbaya kuliko zote, yaani pale rubani ameshapita mwendo wa kuweza kusimama, ndege itaendelea kupanda. Sitasema Lindbergh ndiye aliyeitunga kanuni hiyo. Ila kabla ya Douglas, injini tatu zilihesabiwa kuwa ndiyo njia ya usalama, na baada yao injini mbili zikawa ndiyo kawaida. Leo tunavuka bahari kwa injini mbili na hakuna anayeshtuka.

DC-1 ilibaki moja tu. Ikafuata DC-2 ya abiria 14, mwaka 1934. Halafu likaja suala la vitanda, ambalo ndilo kisa ninachokipenda zaidi. C. R. Smith wa American Airlines alitaka ndege ya usiku ya kuvuka Marekani, abiria walale kama walivyokuwa wakilala kwenye treni. Mwili wa DC-2 ulikuwa mwembamba mno kwa vitanda. Inasimuliwa kwamba alimpigia Donald Douglas simu ndefu iliyogharimu pesa nyingi, na Douglas, ambaye hakuwa na hamu hata kidogo, akakubali mwishowe. Arthur Raymond, mhandisi wa Douglas, na wenzake wakaupanua mwili kwa zaidi ya nusu mita, wakaurefusha, wakaongeza bawa. Ndege ya vitanda 14 ikaruka kwa mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935, miaka 32 kamili baada ya ndege ya kwanza ya ndugu Wright kuruka.

Sasa toa vile vitanda. Kwenye upana ule ulioongezwa kwa ajili ya watu kulala, vinaingia viti vitatu kwa mstari badala ya viwili. Jumla inafika 21. DC-2 ilikuwa na 14, Boeing 247 ilikuwa na 10, tena mhimili wa bawa lake ulipita katikati ya kabini na abiria walilazimika kuuruka wakienda kuketi. Gharama ya kuirusha DC-3 haikuzidi sana ile ya DC-2, lakini viti viliongezeka kwa nusu nzima. Kabla ya hapo mashirika ya Marekani yaliishi kwa malipo ya serikali ya kubeba barua. Abiria alikuwa nyongeza tu. C. R. Smith mwenyewe alisema hii ndiyo ndege ya kwanza iliyoweza kuleta faida kwa kubeba watu peke yake. Ukitaka kujua biashara ya usafiri wa anga unayoijua wewe ilianza lini, yaani tiketi yako ndiyo inayolipia ndege, anzia hapo. Kusema kweli vitanda vyenyewe havikudumu. Viti ndivyo vilivyoitajirisha Douglas.

Safari ya kutoka pwani moja ya Marekani hadi nyingine, kuelekea mashariki, ikawa ya saa 15 hivi, pamoja na vituo vitatu vya kujaza mafuta. Wapanda treni walihitaji siku kadhaa.

Nije kwenye bawa, maana ndilo linalojibu "inawezekanaje". Muundo wake ulitokana na fikra za mbunifu wa ndege Jack Northrop. Badala ya kuutegemea mhimili mmoja mnene, bawa lina mihimili mitatu, na kati yake kuna vipande vingi vya kukazia vilivyopigwa ribiti hadi kwenye ngozi ya nje. Ngozi yenyewe inabeba mzigo. Haipo kwa ajili ya kufunika tu. Ni kama mzigo wa kuni: ukivunjika ukuni mmoja, furushi halianguki. Wahandisi wa leo wanaujenga uwezo huo kwa makusudi na kwa mahesabu. Wale wa mwaka 1935 waliupata kwa tahadhari.

Jambo la pili ni kwamba kabini haikazwi kwa hewa. Ndege ya kisasa hujazwa hewa kila inapopanda na kupunguziwa kila inaposhuka, na ngozi yake hutanuka na kurudi maelfu kwa maelfu ya mara. Comet za Uingereza zilipasuka angani mwaka 1954 kwa sababu hiyo hiyo. DC-3 haijui adha hiyo. Inaruka chini, kwa kawaida si zaidi ya mita 3,000 ikiwa na abiria, na hewa ya ndani ni ile ile ya nje. Ndiyo maana haikuwekewa kikomo cha saa za kuruka kama ndege zilizofuata. Ile iliyotundikwa kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington, iliruka zaidi ya saa 56,700 na shirika la Eastern kabla ya kustaafu. Ng'ombe hazeeki maini, ndiyo, lakini uelewe kwamba hakuna anayelipwa ili kuisahau. Bawa la nje linaungana na la katikati, karibu na injini, kwa safu ndefu ya bolti ndogo zilizopangwa kufuata umbo la bawa. Fundi huondoa mfuniko wa ungio hilo na kupitisha tochi na kioo, bolti kwa bolti, akitafuta ufa mwembamba au unga mweupe, maana alumini nayo inaliwa. Akiukuta, kipande kinabadilishwa. Hivyo ndivyo "ndege ya mwaka 1943" inavyofika leo: fremu ni ya zamani, lakini humo ndani kuna vipande vya miongo yote.

Jinsi ilivyokubali kuunganishwaunganishwa ilionekana vizuri nchini China mwaka 1941. DC-3 ya shirika la CNAC ilipigwa mabomu na Wajapani ikiwa uwanjani, bawa moja likaharibika. Bawa la DC-3 halikupatikana. Lililokuwepo Hong Kong lilikuwa la DC-2, fupi kwa mita moja na nusu hivi. Wakalifunga chini ya tumbo la ndege nyingine, likasafirishwa, likafungwa, na ndege ikaruka na mabawa mawili yasiyolingana. Watu wakaibatiza DC-2½. Usijaribu hilo na Airbus.

Vita ndivyo vilivyoieneza dunia nzima. Za kiraia, zilizoundwa kama DC-3, zilikuwa 607 tu. Za kijeshi, zikiitwa C-47 kwa Wamarekani na Dakota kwa Waingereza, zilizidi 10,000 kutoka Santa Monica, Long Beach na Oklahoma City. Warusi waliziunda karibu 5,000 kwa leseni na kuziita Li-2, kwa jina la Boris Lisunov, mhandisi aliyekwenda Marekani kujifunza kiwandani kwa Douglas. Wajapani nao walikuwa wamenunua leseni kabla ya vita, wakaunda karibu 500. Kwa hiyo pande zote mbili zilikuwa zikirusha ndege ile ile, na ole wake mpiga mizinga wa chini. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 1944, C-47 zaidi ya 800 zilipeleka askari wa miavuli Normandy. Eisenhower aliitaja baadaye miongoni mwa vifaa vilivyochangia zaidi ushindi, pamoja na gari la jipu.

Mwaka 1945 vita vikaisha na maelfu ya ndege hizo yakabaki yamejipanga viwanjani bila kazi. Ziliuzwa kwa bei ya kutupa. Hapa kuna urithi ambao watu hupita bila kuutazama. Nchi au mfanyabiashara aliyetaka kuanzisha shirika la ndege hakuhitaji tena utajiri wa kununua ndege mpya. Alihitaji C-47 chache, marubani waliotoka jeshini, ambao wengi wao walikuwa tayari wanaijua, na vipuri ambavyo vilikuwa vimetapakaa kila bara. Ethiopian Airlines walianza hivyo: Aprili 1946, wakiwa na C-47 tano, safari ya kwanza ilitoka Addis Ababa hadi Cairo kupitia Asmara. Cathay Pacific ya Hong Kong ilianza mwaka huo huo kwa ndege moja iliyobandikwa jina Betsy, ambayo leo imetundikwa kwenye makumbusho ya sayansi ya huko. Mashirika kama hayo yalichipuka kila upande wa dunia. Mengi yalikufa, lakini yaliyosalia yalijifunza kazi juu ya mabawa hayo.

Wingi huo huo uliwatesa waliotaka kuirithi. Douglas wenyewe walileta Super DC-3 mwaka 1949, yenye nguvu na kasi zaidi. Mashirika yakaitazama, yakapiga hesabu, yakaona kwa nini yanunue mpya wakati za zamani zinapatikana bure tu. Jeshi la Wanamaji la Marekani ndilo lililoinusuru kidogo kwa kuchukua 100. Wadachi wakaja na Fokker F27, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1955, ikiwa na injini za turbini na kabini ya hewa iliyokazwa. Ilikuwa ndege nzuri sana na iliuzika vizuri, lakini ilichukua njia zilizokuwa na viwanja vizuri na pesa. Zile za udongo, nyasi na barafu zikabaki kwa Dakota. Marubani wakawa na msemo wao kwamba mbadala wa DC-3 ni DC-3 nyingine. Ni msemo wa kujigamba, na kwa maoni yangu umetiwa chumvi. Ndege ndogo za turbini kama Twin Otter ziliichukulia kazi nyingi bila kelele.

Barafu pia imeacha alama. Tarehe 31 Oktoba 1956 ndege ya jamii hii, mali ya wanamaji wa Marekani, ilikuwa ya kwanza kutua kwenye Ncha ya Kusini. Kuondoka ndiko kulikowatoa jasho katika baridi ya nyuzi 50 chini ya sifuri: matelezo (ski) ya kutulia yaliganda kwenye theluji na ikabidi wawashe roketi ndogo zilizofungwa ubavuni ili kuing'oa. Na huko ndiko utakakoiona ikifanya kazi kwa heshima hadi leo, ingawa imebadilishwa moyo. Kampuni ya Basler ya Oshkosh, Wisconsin, huchukua mwili wa zamani, huukagua hadi mfupa, huurefusha kwa karibu mita moja mbele ya bawa na kufunga injini mbili za turbini. Inatoka ikiitwa BT-67. Taasisi ya Alfred Wegener ya Ujerumani inazo mbili, Polar 5 na Polar 6, zinazopima unene wa barafu na hali ya hewa kwenye ncha zote mbili za dunia.

Kwa nini wabadilishe injini ikiwa fremu ni imara? Kwa sababu injini ya asili ndiyo iliyozeeka kweli. Nyingi zina Pratt & Whitney ya silinda 14 zilizozunguka kama duara, yenye nguvu za farasi 1,200. Inapolala usiku, oili huteremka kwenda kwenye silinda za chini. Ukiiwasha hivi hivi asubuhi, pistoni inakutana na oili isiyobonyezeka na fito yake inapinda. Ndiyo maana utawaona wahudumu wa Dakota wakiisukuma propela kwa mikono, panga baada ya panga, kabla ya kuwasha. Wakihisi kizuizi wanasimama mara moja na kufungua plagi za chini ili oili imwagike. Kila injini ina tangi la oili la zaidi ya lita 100, na hazikuwekwa kwa mapambo. Mbili hizo pamoja hunywa karibu lita 350 za petroli kwa saa, na ni petroli maalumu ya ndege, ambayo kwenye viwanja vingi vya mbali imekuwa adimu na ghali kuliko mafuta ya jeti. Nikiulizwa ni nini kitakachoishusha Dakota ya asili, nitasema ni petroli hiyo, pamoja na uhaba wa mafundi wa injini za duara. Bawa litakuwa bado linadai kazi.

Kuna kichekesho kimoja cha kisheria. Douglas iliungana na McDonnell, na mwaka 1997 Boeing wakaimeza McDonnell Douglas. Kwa hiyo walinzi wa vyeti vya DC-3 leo ni wale wale ambao 247 yao iliuawa na ndege hii.

Na swali lako la mwisho. Ndiyo, ningepanda, ila ningeuliza maswali kabla. Usidanganywe na sifa: DC-3 haiwezi kupanda juu ya mawingu mabaya, inapita katikati yake. Kioo cha mbele huvuja, na marubani waliovaa makoti ya mvua ndani ya chumba chao si hadithi ya kubuni. Ikisimama chini inakalia mkia, kwa hiyo utapanda mlima kwenda kwenye kiti, na upepo wa ubavu wakati wa kutua unaweza kuizungusha rubani akizubaa. Ile sifa ya kuruka kwa injini moja ilipatikana kwa DC-1 yenye uzito wa kipimo. Vitani C-47 zilipakiwa hadi tani 14 badala ya zile 11 na kidogo za DC-3 ya kiraia, na kwa uzito huo, kwenye joto, injini moja hukusaidia zaidi kuchagua mahali pa kuangukia. Ulaya mwaka 2008 ilileta masharti ya usalama wa abiria ambayo yalifanya kuzirusha kwa tiketi za kawaida kusiwezekane kwa wengi, na mimi siwalaumu.

Kwa hiyo ningetaka kujua uzito wa siku hiyo ni kiasi gani, injini zilifunguliwa lini na nani, na ungio la bawa lilikaguliwa lini. Kama anayenijibu anakwenda kuchukua daftari la ndege na kunifungulia ukurasa wenyewe, napanda. Kama anacheka na kuniambia ndege hii haijawahi kumwangusha mtu, nitasubiri mtumbwi.